Kabla hujaongeza kasi ya waifai, toa ruta kwenye zidaka

Tuseme ukweli kutoka mwanzo: sisi ni kampuni ya malipo ya simu, hatuuzi intaneti. Lakini wateja wetu wa Lamu wanatupigia na malalamiko yanayoanza kwa maneno yale yale, "mtandao wenu uko chini", na tukifuatilia, mara nyingi tunakuta mtandao wetu siku hiyo ulikuwa unafanya kazi vizuri tu. Kilichokuwa chini ni waifai ya nyumbani kwa mteja. Tungeweza kujibu "si sisi" na kukata simu. Shida ni kwamba hela ikikwama, mteja hajali imekwama kwa nani.

Chukua kisa cha mama mmoja anayesimamia nyumba ya wageni Mkomani, upande wa kaskazini wa mji wa kale. Fundi wa chokaa amemaliza kazi, amekaa kwenye daka na ndoo yake anasubiri malipo. Mama yuko ndani. Anafungua aplikesheni yetu, anaandika shilingi 3,500, anaweka namba ya siri, na kile kiduara kinaanza kuzunguka. Kinazunguka. Dakika kumi zinapita, hakuna ujumbe. Anafunga, anafungua tena, anatuma mara ya pili. Kutoka mlangoni fundi anaita, "Imeingia mama, shukran," na huyo anaelekea jeti. Jioni mama anapanda juu kuanua nguo, simu inashika netiweki, na ujumbe unaingia miwili kwa mpigo. Shilingi 7,000 zimetoka.

Kilichotokea ni hiki. Ombi lake la kwanza lilitufikia na tukalitekeleza. Jibu ndilo lililopotea likiwa njiani kurudi, kwa sababu waifai ilikatika katikati. Na ule ujumbe mfupi wa kuthibitisha hausafiri kwa waifai, unapita kwenye netiweki ya simu, ambayo mle ndani haikuwepo kabisa. Kwa hiyo mama alikuwa kiziwi masikio yote mawili, na hela zake zinatembea.

Alitulaumu sisi, na hakukosea kabisa, tutarudi hapo. Ila hatua aliyochukua baadaye ndiyo imetufanya tuandike. Aliongeza kifurushi cha waifai. Akapanda kwenye mpango wa kasi zaidi, bei zaidi, na mwezi uliofuata kiduara kikawa kinazunguka vilevile. Tukaomba ruhusa tukaone nyumba.

Ruta ilikuwa kwenye zidaka.

Kama hujawahi kuingia nyumba ya kale ya Kiamu, zidaka ni vile vishubaka vya urembo vilivyochongwa kwa chokaa ukutani, safu juu ya safu, ambavyo zamani vilipambwa kwa sahani za kaure na vyombo vya thamani. Kawaida vinakuwa chumba cha nyuma kabisa, kile kinachoitwa ndani. Ni mahali pazuri pa kuweka kitu unachokithamini, na ruta ni ghali, ina taa za kupendeza, basi imewekwa pale. Hatucheki. Hata sisi tungeiweka pale. Lakini kwa mawimbi hakuna mahali pabaya zaidi ndani ya nyumba nzima: jiwe nyuma, jiwe kushoto, jiwe kulia, jiwe juu, jiwe chini, na uwazi mdogo mbele unaotazama chumba ambacho mchana hakuna anayekaa.

Nyumba hizi ndizo zilizofanya mji wa kale wa Lamu uingie kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, na uzuri wake ndio tatizo lake. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake nusu mita hivi. Dari inashikiliwa na boriti za mikoko, na boriti ya mkoko haiwezi kubeba dari pana. Ikizidi karibu mita tatu inalegea. Ndiyo maana vyumba ni virefu na vyembamba, vimepangwa kimoja nyuma ya kingine: kiwanda, kisha msana, kisha msana mwingine, kisha ndani. Maana yake kwa waifai ni kwamba kila baada ya mita tatu inagonga ukuta wa nusu mita. Nyumba ya Nairobi ya mbao za jasi na matofali membamba haina adhabu kama hiyo. Tena matumbawe yana vitundu vinavyonyonya unyevu, na maji ni adui wa mawimbi ya waifai. Ukuta wa chini ulioloa msimu wa masika unameza mawimbi kuliko ukuta uleule ukiwa mkavu.

Kwa hiyo msimamo wetu ni huu, na tunajua wauza vifurushi hawataupenda: watu wengi wa Lamu wanaolipia kasi zaidi wanatupa pesa. Kasi unayolipia inaishia kwenye ruta. Kutoka hapo hadi kwenye simu yako ni kazi ya ukuta, na ukuta hausomi kifurushi. Kufanya malipo kwa aplikesheni ni kutuma na kupokea data kidogo mno, chini ya picha moja ya WhatsApp. Hakuhitaji kasi. Kunahitaji njia isiyokatika.

Kipimo chenyewe ni rahisi na ni bure. Simama mita moja kutoka kwa ruta, fungua kitu chochote kizito, video kwa mfano. Ikikwama hata hapo, tatizo liko nje ya nyumba: mpigie anayekuuzia intaneti, usisumbuke na kuta. Ikienda vizuri hapo lakini ikafa ukifika chumbani, basi tatizo ni lako na dawa unayo mwenyewe. Ukitaka kuwa makini zaidi, kwenye simu za Android kuna aplikesheni za bure za kupima nguvu ya waifai. Zinatoa namba hasi. Karibu na -50 ni nzuri sana, -65 bado inafaa, ukiona -80 hapo unaomba dua tu. Tulipopima kwa yule mama, mbele ya zidaka ilikuwa -42. Kwenye daka, anakolipia mafundi, haikushika hata kidogo.

Sasa dawa. Nyumba ya Kiamu imejengwa kuzunguka uwazi, na hili ndilo jambo ambalo mafundi wengi wa kutoka nje hawalijui. Upepo na mwanga vinaingia kupitia kiwanda, vinagawanywa kwenye misana kupitia milango na nafasi zilizoachwa wazi. Mawimbi yafuate njia hiyohiyo. Ukiweka ruta juu, kama mita mbili kutoka sakafuni, kwenye ukingo wa msana unaotazama kiwanda, itamwaga waifai kwenye uwazi, na kila chumba chenye mlango upande huo kitapata. Ghorofa ya juu pia itapata, kwa sababu kiwanda kiko wazi hadi angani. Ilindwe na mvua na jua kali tu, na isikae karibu na friji, kioo kikubwa au nyuma ya televisheni, maana chuma na vioo vinarudisha mawimbi. Na kumbuka hewa ya bahari: pini na plagi zinashika kutu mapema kuliko bara, basi kila baada ya miezi michache chomoa, tazama, futa kwa kitambaa kikavu, rudisha.

Kwa yule mama kuhamisha ruta kulitugharimu waya wa mita 15 na saa moja ya kazi. Hakuna ukuta uliotobolewa. Hilo tunalisisitiza: mji wa kale unalindwa, na kabla hujaleta mashine ya kutoboa ukuta wa karne kadhaa kwa ajili ya waya wa intaneti, pita kwanza kwa watu wa uhifadhi. Mara nyingi huhitaji hata kufika huko. Waya unaweza kufuata ngazi, au pale pale ulipopita waya wa umeme, au ukining'inizwa vizuri pembeni ya kiwanda.

Nyumba ikiwa kubwa, yenye sabule juu na vyumba vya wageni, ruta moja haitoshi hata ukiiweka wapi. Hapo watu hukimbilia ekstenda, vile vidude vya kuchomeka kwenye soketi. Tumeviona vingi Shela na Langoni, na karibu vyote vimechomekwa mahali pasipofaa, yaani ndani ya chumba kisicho na waifai. Ekstenda inarudia inachosikia. Ukiiweka mahali isiposikia kitu, itarudia ukimya. Iweke katikati ya njia, mahali ambapo waifai bado ni nzuri. Na ujue zile za bei nafuu zinapokea na kutuma kwa redio moja, kwa hiyo kasi inashuka karibu nusu. Ukiweza, vuta waya wa mtandao hadi juu na uweke kituo cha pili cha waifai huko. Waya wa kawaida unabeba vizuri hadi mita 100, na hakuna nyumba Lamu inayozidi hapo.

Tuguse pia vifaa janja, kwa sababu vimeingia kwa kasi. Nyumba za wageni sasa zina kamera mlangoni, taa za kuwasha kwa simu, televisheni ya intaneti, hata kufuli zisizo na ufunguo. Vingi kati ya vifaa hivyo, hasa vya bei ya chini, vinaelewa bendi ya 2.4 GHz pekee. Ruta za siku hizi zinatoa bendi mbili, 2.4 na 5, mara nyingine chini ya jina moja, na taa inakataa kuunganishwa mpaka mtu anataka kuitupa baharini. Tenganisha majina. Iite moja ya vifaa, nyingine ya watu. Bendi ya 2.4 ni ya polepole lakini inapenya ukuta vizuri kuliko ya 5, kwa hiyo hata simu yako ya malipo, ukiwa mbali na ruta, iwe huko. Na kwa kuwa nyumba zimebanana, majirani wanagombania chaneli zile zile. Kwenye mpangilio wa ruta chagua 1, 6 au 11, ile yenye watu wachache. Hizi tatu haziingiliani, zile za katikati zinaingilia pande mbili.

Kufuli janja hatuzipendi, tuseme tu. Mlango wa mvule wenye komeo ulilinda nyumba miaka mingi bila kuuliza nenosiri la waifai. Ukiamua kuweka, hakikisha ina ufunguo wa kawaida, na ufunguo huo usiwe ndani.

Lakini linalotutia wasiwasi zaidi ni umeme. Wengi mna mita za kulipia kabla, na tokeni mnanunua kwa simu. Fikiria usiku wa saa tano, nyumba imejaa wageni, tokeni zimeisha. Taa zimezima. Ruta imezima nayo. Aplikesheni haifunguki kwa sababu waifai haipo, na ndani ya kuta zile data ya simu haishiki. Unahitaji intaneti ili upate umeme, na unahitaji umeme ili upate intaneti. Tumesikia kisa hiki zaidi ya mara moja, na kila mara kinaisha mtu akipanda ngazi gizani hadi juu kwenye makuti kutafuta netiweki, tochi mdomoni.

Kukata mduara huo kuna njia mbili. Ya kwanza ni betri ndogo ya ruta. Ruta ya nyumbani inakula umeme kidogo, kama taa moja ya LED, na kuna vibetri vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo vinavyoishikilia kwa saa kadhaa. Kabla ya kununua, soma maandishi chini ya ruta: ikiandikwa 12V, nunua ya 12V, ikiandikwa 9V, nunua ya 9V. Tumeona ruta iliyoungua kwa kukosea hapo. Betri hiyo pia inaikinga na umeme unaoruka ruka, ambao unaua ruta nyingi kuliko uzee. Ila kama mtambo wa anayekuuzia intaneti nao umezimika, betri yako itashikilia ruta isiyo na cha kushika.

Njia ya pili ni menyu ya nyota na reli. Hapa tunajisema wenyewe. Kampuni za malipo, sisi tukiwemo, tunawasukuma wateja kwenye aplikesheni. Ina picha, ina matangazo, ina kila kitu. Lakini M-Pesa ilipoanza Kenya Machi 2007 ilianza kwenye laini ya simu bila intaneti yoyote, na ndiyo sababu ilifika visiwani kabla ya waifai. Menyu ya USSD inahitaji netiweki ya simu tu, hata ile hafifu isiyoweza kufungua ukurasa mmoja. Haijui ruta, haijui kifurushi. Mtu wa Lamu, wa Faza au wa Kiwayu asiyejua kulipa bila aplikesheni tumemkosea sisi. Fanya zoezi mchana, umeme ukiwepo: zima waifai, zima data, nunua tokeni kidogo kwa menyu. Na tafuta mapema ni dirisha gani nyumbani kwako linaloshika netiweki, usilitafute usiku huo.

Wako wanaotuambia jawabu ni satelaiti. Starlink ilianza kuuzwa Kenya Julai 2023 na paa bapa la Lamu lenye anga wazi linaifaa sana. Kwa mtu wa Ndau au Kizingitini inaweza kuwa mkombozi kweli. Lakini sahani ile inakula umeme mara kadhaa kuliko ruta ya kawaida, kwa hiyo kibetri kidogo hakiiwezi, na waya wake ukishuka chini unaishia kwenye ruta. Mkiiweka ruta hiyo kwenye zidaka tumerudi pale pale.

Na zipo siku ambazo hakuna la kufanya. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ikajikokota Afrika Mashariki nzima. Siku kama hiyo hata ukiikumbatia ruta haisaidii. Hapo ndipo kile kipimo cha mita moja kinapokuokoa usihamishe samani bure.

Sasa la hela, maana ndiyo kazi yetu. Kiduara kikizunguka zaidi ya dakika moja, usitume tena. Toka nje au panda juu, piga menyu, angalia salio. Likiwa limepungua, hela imekwenda, ujumbe utakuja. Likiwa halijapungua, subiri kidogo, angalia mara ya pili, ndipo urudie. Usikubali neno la anayepokea peke yake, na usikubali ujumbe anaokuonyesha kwenye simu yake. Tazama simu yako wewe. Ukigundua umetuma mara mbili, tupigie saa hiyohiyo, kabla hela haijatolewa kwa wakala. Ikishatolewa tunabaki kuomba tu, kama ninyi.

Wageni nao wapewe mtandao wao. Ruta nyingi zina nafasi ya waifai ya wageni yenye jina na nenosiri tofauti, na haigusi kamera wala vifaa vyenu. Badilisha nenosiri lililokuja kiwandani. Na tafadhali, tumeona waifai yenye nenosiri ambalo mwisho wake ni tarakimu nne zile zile za namba ya siri ya malipo ya mwenye nyumba, zimebandikwa ukutani kwa wageni wote.

Tuliahidi kurudi kwenye lawama. Aplikesheni yetu ilipokosa jibu ilipaswa kumwambia yule mama kwamba ombi la kwanza huenda limepita, asirudie. Haikumwambia. Kiduara hakisemi chochote, na mtu aliyeachwa gizani atabonyeza tena, ni tabia ya binadamu. Tumewapelekea wenzetu wa ufundi ombi la kuweka onyo kwa Kiswahili wazi: umeshatuma kiasi hiki kwa mtu huyu, angalia salio kwanza. Bado hawajaliweka, na tutaendelea kuwasumbua.

Yule fundi alirudisha shilingi 3,500 siku ya tatu, kwa menyu, akiwa Matondoni. Mama anasema siku hizi analipa akiwa amekaa kwenye msana, ruta juu ya kichwa chake, na ile zidaka amerudishia sahani.